Kifungo na Huduma kwa Jamii: Lugha ya Adhabu kwa Wanawake wa Bofu

Makala haya yanajadili adhabu mbadala kwa wanawake wenye makosa yasiyo ya kutumia nguvu, kwa kurejelea Bofu, eneo la Likoni, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba mbadala wa gereza umo tayari katika sheria. Sharti ueleweke na anayehukumiwa.

Na ichukuliwe kwamba mama wa Bofu amepatikana na hatia ya kuuza pombe bila leseni, akashindwa kulipa faini. Faini hiyo yaweza kugeuka kifungo. Gereza la wanawake la Shimo la Tewa liko Shanzu, kaskazini mwa jiji. Jamaa atokaye Bofu kwenda kumtazama huvuka Likoni kwa feri, kisha daraja la Nyali. Mtoto asiyetimiza miaka 4 aweza kukaa gerezani na mamaye. Wakubwa wake hubakia kwa nyanya au jirani. Hivyo adhabu ya mmoja huwa ya nyumba nzima.

Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii, nambari 10 ya mwaka 1998, yaipa mahakama njia nyingine. Iwapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, mkosaji aweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo, kama vile kupanda miti au kukarabati shule. Njia ya pili ni probesheni, ambapo mkosaji huishi kwake chini ya uangalizi wa afisa. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zahimiza njia za aina hii, hasa kwa wajawazito na walezi wa watoto.

Mitaani, njia zote mbili huitwa "kifungo cha nje". Istilahi hii yapotosha. Nomino "kifungo" yatokana na kitenzi "funga", ilhali anayehudumia jamii hakufungwa. Asikiaye neno hilo aweza kuikataa njia ambayo ingemwacha na wanawe.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chamhakikishia mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Mahakama za chini nazo huruhusiwa kutumia Kiswahili. Basi kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili haiishii kwenye ushairi na sarufi. Mkalimani asiyetenga faini, dhamana, probesheni na huduma kwa jamii aweza kumfungia mtu mlango ambao sheria imeuacha wazi.