Ondoa "Ruhusu Yote": Tahadhari kwa Wenye Ruta za Kujiundia

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu ya malalamiko. Wananchi waliojiundia ruta nyumbani, aghalabu kwa kompyuta ndogo ya mtumba yenye soketi mbili za mtandao na programu ya bure kama pfSense, OPNsense au OpenWrt, wanalalamika kwamba kamera zao zinatazamwa na watu wasiowajua, au kwamba data inaisha usiku wakati nyumba nzima imelala. Wengi huilaumu programu. Wengine huilaumu kampuni ya intaneti. Kitengo kilichoandaa mwongozo huu kinasema wazi, na kitaendelea kusema: mara nyingi chanzo ni kanuni moja ya faiwoli iliyowekwa na mwenye ruta mwenyewe, kwa nia njema kabisa, "kwa muda tu".

Programu hizo huanza zikiwa salama. pfSense na OPNsense zinaposakinishwa, upande wa nje, ule unaoandikwa WAN, haupokei muunganisho wowote ulioanzishwa kutoka intaneti. Kompyuta ya ndani ikiomba ukurasa, jibu linapita kwa sababu ruta inakumbuka nani aliomba. Anayebisha bila kuitwa hajibiwi. Ndiyo maana ukurasa wa kanuni za WAN huwa karibu mtupu siku ya kwanza, na utupu huo ndio ulinzi. Anayeuona kama kazi ambayo haijakamilika, akaanza kuujaza, ameanza kuubomoa.

Hali inayojirudia ni ya mwenye duka anayetaka kuona kamera zake kwenye simu akiwa safarini. Ameshaelekeza poti kwenye mashine ya kurekodia, lakini picha haiji. Anabadilisha poti, haiji. Saa nne usiku, amechoka, anaongeza kanuni ya kuruhusu kila kitu kutoka popote kwenda popote, na picha inatokea. Anafunga kompyuta, anakwenda kulala. Kwenye skrini kanuni hiyo haijifichi: chanzo ni nyota, poti ni nyota, kinakokwenda ni nyota, mstari mzima wa nyota. Haihitaji fundi kuitambua.

Alichofungua si kamera peke yake. Amefungua pia ukurasa wa kuingilia kwenye ruta yenyewe, wenye nenosiri ambalo huenda bado ni lile la kiwandani linalojulikana dunia nzima. Na kama laini yake ina IPv6 na kanuni inaigusa, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu huko kila kifaa hupewa anwani yake ya umma: printa, televisheni, kompyuta ya mtoto. Vyote viko wazi.

"Nani atanijua mimi?" ndilo swali linalosikika kila mara, na jibu lake lilipatikana zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, yenye uwezo wa kupitia anwani zote za umma za IPv4 kwa kompyuta moja katika muda usiofika dakika 45. Hakuna anayemtafuta mwenye duka kwa jina. Kila anwani inabishiwa, mchana na usiku.

Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilifanya hivyo hivyo. Kilijaribu majina na manenosiri ya kiwandani, jozi zipatazo 60 tu, kikateka kamera, mashine za kurekodia na ruta za majumbani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi. Uingereza baadaye ilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayopiga marufuku kuuza vifaa vya intaneti vyenye nenosiri moja la kiwandani kwa wote. Ni hatua nzuri. Lakini sheria ya namna hiyo humbana mtengenezaji, na aliyejiundia ruta nyumbani ndiye mtengenezaji.

Mwongozo huu ni wa nyumba na ofisi ndogo. Anayewauzia majirani intaneti ana masharti ya leseni, na hayo hayamo humu.

Kuondoa kanuni ya nyota ni rahisi, lakini wengi huishia katikati. Faiwoli hizi hukumbuka miunganisho iliyokwisha kuruhusiwa, na kufuta kanuni hakukati ule ambao tayari uko hai. Aliyeingia jana anaweza kubaki ndani leo, kanuni ikiwa imefutwa. Kwa hiyo baada ya kufuta, kumbukumbu ya miunganisho nayo ifutwe, au ruta iwashwe upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kisha kipimo, na kipimo kifanywe kutoka nje. Anayepima akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani anapita upande wa ndani, ambako kanuni ni nyingine, na atadanganyika. Simu izimwe Wi-Fi, itumie data ya laini yake, kisha iandike anwani ya umma ya nyumba kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia kwenye ruta ukitokea, mlango uko wazi. Usipotokea, huo ni mlango mmoja tu. Programu ya kupima poti, ikitumiwa kutoka nje hivyo hivyo, itaonyesha iliyobaki. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni mwake, ina maana kampuni inawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo isimpe mtu usingizi: IPv6 haipiti huko, na siku atakapopewa anwani yake mwenyewe ya umma, kinga hiyo itaondoka bila taarifa.

Na kamera je? Njia ipo. WireGuard inahitaji poti moja tu, na haimjibu kabisa asiye na ufunguo. Simu ya mwenye duka inaingia kwanza kwenye njia hiyo, ndipo inaona kamera kana kwamba iko dukani. Kuipanga huchukua jioni moja, na kitengo kinaisisitiza kuliko njia nyingine yoyote.

Mlango ukikutwa wazi, waya wa WAN uchomolewe kwanza. Nenosiri la ruta libadilishwe, kisha la mashine ya kurekodia, kisha la kila kamera. Vifaa hivyo vizimwe na kuwashwa, kwa kuwa Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda na ilitoweka umeme ulipokatwa, ingawa kifaa chenye nenosiri lile lile kilitekwa tena haraka. Waya urudishwe baada ya hapo, si kabla, na simu ipime upya kutoka nje usiku huo huo.