Kusikia kwa Mikono na Miguu

Tieni mchanga kidogo juu ya ngozi ya ngoma, kisha ipigeni. Mwaona? Mchanga unarukaruka. Ngozi inatikisika, nayo inasukuma hewa. Hewa inakuja kugonga masikio yetu, basi twasema: tumesikia ngoma. Kamba nene ya gitaa hutikisika mara 82 katika sekunde moja. Jicho haliwezi kuhesabu. Lakini hewa ile haigongi masikio peke yake. Inagonga ukuta, inagonga benchi, inagonga kifua cha mtu. Aliyesimama karibu na ngoma kubwa siku ya sikukuu anajua: hata tumbo linatetemeka.

Katika nchi ya Uskoti, mwaka 1965, alizaliwa binti, jina lake Evelyn Glennie. Alikulia shambani, na alipenda kupiga piano. Alipokuwa na miaka 8, masikio yake yakaanza kuharibika. Alipofika miaka 12, alikuwa karibu kiziwi kabisa. Nani angemfundisha mtoto wa namna hii muziki?

Mwalimu wake wa ngoma alikubali. Alimwambia aweke mikono juu ya ukuta wa darasa, naye akapiga ngoma kubwa za shaba, moja ya sauti nene, moja ya sauti nyembamba. Ukuta ukatetemeka mikononi mwa Evelyn. Polepole akajifunza kuzitambua: sauti nene aliisikia zaidi miguuni, sauti nyembamba usoni, shingoni na kifuani. Kazi hii si ya siku moja! Tena, anapopiga mbele ya watu, mara nyingi huvua viatu, ili miguu isikie sakafu vizuri.

Kisha akaomba kuingia chuo kikubwa cha muziki kule London. Wakubwa wa chuo wakakataa kwanza. Hawakujua kiziwi angefanya kazi gani ya muziki. Evelyn hakunyamaza. Akawauliza wanachagua watu namna gani, ikiwa hawatazami jinsi mtu anavyopiga. Wakamkubali, naye akaanza masomo mwaka 1982. Mwaka 2012, michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa katika mji uleule, aliongoza wapiga ngoma 1000.

Maulizo
1. Kwa sababu gani mchanga unarukaruka juu ya ngoma?
2. Evelyn aliisikia wapi sauti nene? Na sauti nyembamba?
3. Ziba sikio moja, weka mkono juu ya mlango wa darasa, mwenzako agonge upande wa pili. Mkono wako unasikia nini?