Dondoo muhimu: Kunyanyua na kuhifadhi boti kongwe ya mbao gerejini

Boti za mahogani kama Chris-Craft za Marekani za miaka ya 1950 huumia upesi nchi kavu zisiposhikiliwa vizuri.

• Jua uzito. Boti ya futi 18 yenye injini ya ndani inaweza kukaribia au kuzidi tani 1. Usiitundike kwenye kenchi za paa.

• Tumia mikanda mipana inayopita chini ya tumbo la boti. Usifunge ndoano kwenye vishikizo vya kamba vya sitaha. Mtu asipite chini yake ikiwa inaning'inia.

• Uzito ukae kwenye mkuku. Panga magogo chini yake; nguzo za ubavuni ni za kuzuia isiegemee tu.

• Toa maji yote kwenye injini kabla ya baridi kali. Yakiganda hutanuka na kupasua bloku.

• Ogopa mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ngamani na sakafuni. Ruhusu hewa ipite, ondoa betri, weka moto mbali.

• Usipashe gereji joto mfululizo. Mbao zikikauka hunywea na maungio hufunguka.

Huna vifaa vya kunyanyulia? Mwite fundi wa boti. Uhai wa mtu hauna spea.