KUCHAGUA DARUBINI YA KWANZA

Katonga ni mahali pa wavuvi, karibu na mji wa Kigoma. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa kuvua dagaa, hata ziwa laonekana kana kwamba lina nyota zake chini, kama mbingu zilivyo nazo juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti dagaa vema, na wavuvi wengi hupumzika. Mtazamaji wa nyota naye hufuata hesabu hiyo hiyo: usiku wa giza ni wa Kilimia na nyota zilizo hafifu, na usiku wa mbalamwezi ni wa kuutazama mwezi wenyewe. Lakini mwezi ulio nusu wafaa kuliko mpevu, kwa kuwa jua huupiga kwa upande, na vivuli vya milima yake huwa virefu.

Kutazama mbingu si jambo geni katika pwani hii. David Livingstone, aliyefika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869, alisafiri na vyombo vya kupimia nyota na mwezi, apate kujua mahali alipo.

Basi, mtu atakaye kununua darubini huuliza kwanza, "Yakuza mara ngapi?" Swali hilo lingoje. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho lako gizani hufunguka kadiri ya milimita 7. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 ni pana mara 10 kuliko mboni, na 10 mara 10 ni 100. Kwa hiyo hukusanya nuru mara 100. Uliza upana kwanza.

Madukani ziko darubini ndogo ambazo sanduku lake limeandikwa ya kuwa zakuza mara 500. Usiyasadiki maneno hayo. Chukua milimita za upana, uzidishe kwa 2: lenzi ya milimita 70 haifai kupita mara 140. Ukipita hapo, picha ni kama uji uliotiwa maji mno. Umekuwa mwingi, lakini ladha imekwisha.

Kinachokuza hasa ni lenzi ndogo ya nyuma, iliyo karibu na jicho, nayo hubadilishwa. Umbali toka lenzi ya mbele hata mahali nuru inapokutana huitwa urefu wa fokasi. Ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya milimita 700, ikitiwa lenzi ya jicho ya milimita 25, hukuza mara 28. Ikitiwa ya milimita 10, mara 70. Lenzi hizi mbili zatosha kwa kuanzia. Chagua zenye shingo ya milimita 31.7, maana ndicho kipimo cha kawaida, na ukitaka nyingine baadaye utazipata. Anza sikuzote na ile ikuzayo kidogo. Dunia yazunguka, na ukikuza mara 100 nyota hutoka machoni mwako kwa muda wa dakika 2 hivi.

Katonga iko karibu na ikweta, kwa hiyo Mshtarii na Zohali hupita juu sana, karibu na utosi. Hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa hewa ya chini hutetemesha picha. Lakini shingo itauma! Darubini ya lenzi na iwe na kioo kidogo cha kupinda nuru nyuma yake, ili uiname badala ya kulala chini. Tena itikise miguu yake kabla ya kulipa fedha. Miguu dhaifu, pamoja na upepo wa ziwani, itakunyima kuona cho chote.

Asiye na fedha nyingi na anunue darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50, yaani hukuza mara 7 na lenzi zake zina upana wa milimita 50. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko darubini mbovu yenye miguu mitatu.

Usilitazame jua kwa darubini yo yote, hata mara moja! Jicho laweza kupofuka mara moja, pasipo maumivu ya kukuonya. Vile vioo vyeusi vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho huweza kupasuka kwa joto, vitupe.

Usiku wa kwanza tafuta Mshtarii. Chora vile vimwezi vyake vinne mahali vilipo, kisha uchore tena kesho na kesho kutwa, kama Galileo alivyofanya mwezi wa Januari, 1610.

Maswali. Darubini ina urefu wa fokasi wa milimita 900, na lenzi ya jicho ni ya milimita 20. Yakuza mara ngapi? Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 60. Je, yafaa kukuza mara 300?