Asali Itokayo Mnazini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sisi wa Majimoto tukisikia neno asali hukumbuka nyuki na mizinga. Lakini iko asali ambayo nyuki hakuigusa. Huko Kanada na kaskazini mwa Marekani watu huchemsha utomvu wa mti uitwao mepo hata ukawa mzito na mtamu. Mti ule hutoa utomvu wake mwisho wa baridi, wakati usiku ni wa barafu na mchana wa jua, kwetu haufai. Lakini nchi yetu inayo minazi huko pwani, na utomvu wake washinda ule wa mepo.

Hesabu. Lita moja ya asali hiyo ina sukari gramu 870 hivi. Lita ya utomvu wa mepo ina kama gramu 20, na ya mnazi kama gramu 150. Ukigawanya utaona kwamba mepo yataka lita 40 na zaidi, na mnazi lita 6 tu. Maji yote yaliyozidi hufukuzwa kwa moto. Basi fikiri kuni zinazookolewa!

Kugema. Mgema hukwea mnazi, hulifunga karara lisipasuke, hukata ncha yake kwa kotama, na kutundika kibuyu. Asubuhi na jioni hukwea tena na kukata kipande chembamba ili utomvu usikome. Karara linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mwenye shamba hana budi kuchagua.

Adui wa kazi hii ni hamira iliyomo hewani. Ikiingia kibuyuni, kwa saa chache tu sukari hugeuka kileo, nalo ndilo tembo. Ukizidi kungoja, huwa siki. Kwa hiyo anayetaka asali asikawie.

Kuchemsha.
1. Chuja utomvu kwa kitambaa safi na kuuteleka mara ushukapo mtini.
2. Tumia sufuria pana, mvuke upate kutoka upesi. Engua povu.
3. Ukianza kuwa mzito, punguza moto na koroga usiungue.
4. Pima joto. Asali huiva nyuzi 4 juu ya mchemko wa maji. Pwani ni nyuzi 104. Katika Bonde letu la Rukwa, lililo karibu mita 800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 97 hivi. Basi asali huiva kwenye 101. Mtu wa huku akingoja 104, asali yake huenda ikaganda kuwa sukari.
5. Imimine ingali moto katika chupa safi, ufunike.

Wengine watauliza: chemchemi zetu za maji moto je? Hazitoshi, kwani hata maji yanayochemka hayafiki joto la kuivisha asali.

Huku Katavi tunayo mivumo, ndugu wa mnazi. Huko Bara Hindi mivumo ya kwao hugemwa maua, na mti huendelea kuishi. Lakini mahali pengine Afrika wagema hukata kichwa cha mvumo. Mvumo una kichwa kimoja tu; kikikatwa, mti hufa. Tusiige hilo.

Basi, wenzangu, asiye na mnazi na aanze na maji ya miwa, kwani kanuni ya nyuzi 4 ni ile ile. Kwanza apime mchemko wa maji mahali alipo, kisha ndipo ateleke.