Mafunzo Niliyopata kwa Watu Wasiosoma Vitabu

Nafundisha fasihi chuo kikuu, Dar es Salaam, na kila kongamano ninaloalikwa hufunguliwa kwa kilio kilekile: Watanzania hawasomi. Mimi naona wanasoma sana, ila si kile nilichowapangia.

1. Gazeti husomwa bila kununuliwa. Asubuhi, kwenye meza ya magazeti karibu na kituo cha daladala, utawakuta watu wamefunga mikono nyuma, macho kwenye kurasa za mbele za Mwananchi, Nipashe na Mwanaspoti. Wanabishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, kisha kila mmoja anashika njia yake. Nilimuuliza muuzaji kwa nini hawafukuzi. "Mzee wangu," akasema, "hawa wakiondoka, hata wa kununua hatasimama." Katika makongamano yote yale sijasikia jambo la akili kiasi hicho.

2. Kitabu kinahitaji mgeni rasmi kuliko msomaji. Uzinduzi hauanzi mpaka afike, na akifika anasifu jalada. Nakala ya kwanza hupigwa mnada. Nimeshuhudia ikinunuliwa kwa bei ya mbuzi wawili, makofi yakapigwa, picha zikapigwa, na mnunuzi akaiacha juu ya kiti. Mtunzi aliiokota na kuirudisha kwenye boksi la nakala za kuuza. Wachapishaji wangekuwa na moyo huo, tungefika mbali.

3. Mwongozo humeza riwaya. Mwanafunzi mmoja alinichambulia Nagona ya Kezilahabi kwa ufasaha: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Hasa kutofaulu, hapo hakumhurumia marehemu hata kidogo. Nikamuuliza riwaya inaanzaje. Akatulia, kisha kwa heshima zote akauliza, "Shikamoo Prof, hilo litatoka kwenye mtihani?" Ile shikamoo ya katikati ya mazungumzo ndiyo iliyonimaliza. Lakini hakuwa na kosa. Tangu sekondari maswali yetu yanauliza dhamira na wahusika, na mwongozo unavipanga vyote kwa namba, tena kwa bei ndogo. Nagona ni kitabu chembamba, mtu anaweza kukimaliza kwa alasiri moja, ila ni kigumu na hakina namba za kukariri.

4. Tuzo hufika kabla ya kitabu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli, tulibishana kama ni wetu au wa Waingereza. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Basi kila mtu akawa afisa uhamiaji. Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ubishi ulikuwa umeshapoa. Ni huzuni kidogo, maana sasa ndipo ungenoga.

5. Marufuku ni rafiki wa mwandishi. Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ilipokatazwa shuleni, ilihamia chini ya madawati. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kumaliza kitabu changu hata kimoja, anaisimulia mwanzo hadi mwisho huku akichambua mchele. Nimemuuliza jirani yangu anayefanya kazi wizarani utaratibu wa kuomba kitabu kipigwe marufuku. Anasema fomu hiyo hawana.