Kumbukumbu ya Kompyuta na Diski Yake

Wakati wa masika huku mlimani niliandika katika kompyuta ya mezani majina ya watoto 43 wa Kipaimara. Sikuyahifadhi. Umeme ukakatika, uliporudi, halikuwapo jina hata moja. Lakini orodha ya mwaka uliotangulia ilikuwapo nzima. Kwa nini?

Kompyuta inapo mahali pawili pa kuwekea maandishi. Pa kwanza ni kumbukumbu, iliyo kama ubao wa darasani. Pa pili ni diski, iliyo kama kitabu cha mwalimu. Ukifungua orodha, kompyuta huinakili kutoka diskini, kwa kuwa ubaoni hufanya kazi upesi zaidi. Lakini kumbukumbu hushika kwa nguvu ya umeme tu. Umeme ukikoma, ubao umefutika. Diski hutunza hata pasipo umeme. Ukiagiza kuhifadhi, ndipo yaliyo ubaoni huandikwa kitabuni.

Tena wako watu ambao, kompyuta ikilemewa na kazi nyingi zilizofunguliwa pamoja, hufuta picha za ubatizo ili iwe nyepesi, hali diski ina nafasi tele. Kazi bure! Kilicho kidogo ni ubao, si kitabu. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 yaweza kuwa na diski ya gigabaiti 500. Heri wafunge kazi wasizozitumia.

Diski ya kwanza ya namna hii, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ikachukua herufi milioni 5 tu.

Majina yale niliyaandika upya, nikihifadhi kila baada ya kumi.